Kuja 2

Sisi tuliokulia Kisumu wakati gari moshi lilikuwa bado na moshi tunajua vitu ambavyo siku hizi hakuna anayetuuliza. Nimestaafu, nakaa peke yangu huku Nyamasaria, na wenzangu wa rika langu tukikutana kanisani huwa na swali moja tu: Mama, hivi ile kazi yako ya kompyuta huko Nairobi ilikuwa kazi gani hasa? Nikisema nilikuwa naandika programu, wanatikisa kichwa kwa heshima, kama watu waliotajiwa jina la ugonjwa. Basi leo nieleze. Kazi yenyewe niliijua kabla sijaona kompyuta, nikiwa na miaka kumi, nimechuchumaa nyuma ya nyumba za landhi, zile za wafanyakazi wa reli, na msichana aliyeitwa Wambui.

Nilikuwa mtoto wa pekee. Mama alifariki nikiwa mchanga, na Baba, fundi wa reli, alikuwa safarini wiki nzima, kwa hiyo nililelewa na Dani, nyanya yangu, mwanamke mrefu aliyenuka tumbaku na omena, dagaa wa ziwani. Dani alinipenda, lakini hakuwa mtu wa kucheza. Halafu wakahamia majirani kutoka upande wa mlima. Baba Wambui aliuza vitunguu na viazi soko la Kibuye, na binti yake alikuwa na umri wangu na mwanya wa meno kama wangu. Yeye hakujua Dholuo, mimi sikujua Kikuyu. Tulichokuwa nacho ni Kiswahili cha kuokota sokoni, hakina ngeli wala adabu, lakini kilitosha kusema kila kitu tulichotaka kusema.

Somo la kwanza la kompyuta ni majina. Dani alipochemsha mahindi na maharagwe tuliita nyoyo. Sufuria hiyo hiyo ikifika kwa Wambui inaitwa githeri. Tulibishana wee, kila mtu akishikilia kwamba chakula chake ni kingine, mpaka Dani akachoka, akapakua sahani moja akatuwekea katikati. Wambui alikula githeri yake, nami nikatazama nyoyo yangu ikiisha. Katika kompyuta kuna kitu hicho hicho: unaweza kuwa na majina mawili yanayoelekeza kwenye kitu kimoja, na ukigusa huku, kule nako kumeguswa. Nimewahi kuona vijana wenye digrii wakitafuta kosa la namna hiyo siku tatu. Mimi lilinigharimu chakula cha mchana, sikulisahau tena.

Somo la pili ni kurudia. Mnaukumbuka mchezo wa ajua, mashimo mawili mawili ardhini, nane upande huu na nane upande ule. Unachota kokoto zote za shimo moja, unadondosha moja moja ukienda mbele, na kama zingalipo mkononi unadondosha tena, zikiisha unasimama. Sisi wa kompyuta tunaita lupu: fanya jambo hili, angalia kama bado, kama bado rudia. Mashine haina zaidi ya hapo, jamani. Ni kokoto na mtu mwenye subira.

Taabu ni mahali pa kuanzia. Dani alinifundisha kwamba shimo ulilochota unaliacha tupu, kokoto ya kwanza inaangukia shimo linalofuata. Mama Wambui alimfundisha mwanawe kuanza na shimo lile lile alilochota. Tofauti ni shimo moja tu, lakini kwenye ajua shimo moja ndilo linaloamua nani amekula kokoto za mwenzake. Miaka mingi baadaye, nikijifunza lugha ya kompyuta iitwayo Fortran kwa kadi zile za karatasi zilizotobolewa matundu, nikaambiwa kitu cha kwanza kwenye safu ni namba moja, hapo ulipo tayari umeanza kuhesabu. Nikamkumbuka Wambui. Kisha ikaja lugha iitwayo C, kitu cha kwanza kwenye safu ni sifuri, kwa sababu hapo ulipo bado hujapiga hatua yoyote. Nikacheka peke yangu ofisini. Kumbe Dani, ambaye shimo la kuchota kwake lilikuwa sifuri, alikuwa C.

Ningejua hayo nikiwa na miaka kumi ningenyamaza. Sikunyamaza. Siku moja Wambui alikula kokoto zangu zote kwa hesabu ya kwao, nikasimama nikamwambia, "Wewe ni mwizi. Nyinyi wote ni wezi, rudini kwenu." Neno hilo sikulitunga mimi. Mwaka ule siasa za wakubwa zilikuwa zimechafuka mjini, kabila hili dhidi ya lile, na maneno kama hayo yalikuwa yanaokotwa bombani, watu wakijaza ndoo. Niliokota nikatupa. Wambui hakulia. Alipangusa vumbi kwenye magoti akaingia kwao.

Siku tatu hatukusemezana. Nilicheza ajua peke yangu, mkono wa kulia dhidi ya wa kushoto, na niliona haya hata kuangalia mlango wao. Dani aliniambia, "Nyathina, mwanangu, mdomo ukivunja, miguu ndiyo inaenda kutengeneza." Nikasema nitaenda kesho, na kesho yake nikasema kesho. Ijumaa jioni nikitoka kuchota maji nikakuta kwenye mlango wetu maandishi ya chaki, herufi za Wambui zilizolala upande mmoja: KESHO TUNAHAMA. KUJA 2.

Mtu wa pwani angeandika njoo. Kisumu tunasema kuja, na nilielewa vizuri sana. Kilichonishinda ni ile 2.

Lazima niwaeleze saa zetu, ingawa mnazijua. Kiswahili huhesabu tangu jua linapochomoza, ndiyo sababu saa mbili ni asubuhi, na Dholuo hufuata hivyo hivyo, saa ariyo. Mzungu huanza kwingine, kwa hiyo mshale mfupi ukiwa kwenye 2, kwake ni tuu okloki, kwetu ni saa nane mchana. Muhula ule darasa letu lilikuwa limeanza kufundishwa kwa Kiingereza, na mwalimu alikuwa na saa ya mbao na fimbo ya mwanzi. Ukiona 2 ukasema saa mbili, unachapwa. Nilichapwa mara nne, kisha nikajua, na nilijivuna kwa kujua. Wambui alisoma shule nyingine, ambako saa ilikuwa bado ni ya Kiswahili.

Dani hakujua kusoma. Akaniuliza mtoto wa watu ameandika nini. "Amesema niende saa nane," nikajibu bila kusita. Dani akaguna. "Watu wanaohama hawangoji jua kali." Nikamwonea huruma, mzee wa watu asiyejua Kiingereza.

Jumamosi asubuhi nilifua sare yangu nyuma ya nyumba. Nilitaka niende nikiwa safi. Nilikuwa nimepanga maneno yangu: nitasema mimi ndiye mwizi, nitamwachia aanze na shimo analotaka. Nikiwa nasuuza soksi nikasikia lori likiunguruma upande wa barabara, likabadilisha gia, likapanda kilima. Nililisikia, jamani. Nikaendelea kusuuza soksi.

Saa nane kamili nilibisha hodi kwenye nyumba tupu. Mlango ulikuwa wazi, ndani kumebaki maganda ya vitunguu na kalenda ukutani. Mama mmoja jirani aliyekuwa akianika omena akaniambia walishaondoka tangu asubuhi, na kwamba yule msichana aligoma kupanda, akakaa kule nyuma mpaka baba yake akambeba.

Nikaenda kule nyuma. Mashimo yetu yalikuwa yamefagiliwa vizuri, na kokoto zote zimo. Alikuwa amecheza mara moja tu, akaniachia zamu. Shimo alilochota lilikuwa tupu, na kokoto zilianzia shimo linalofuata. Alikuwa amecheza kwa hesabu ya kwetu.

Nilikaa chini hapo mpaka mvua ya jioni ikatoka ziwani. Sikugusa kokoto. Mvua ndiyo iliyozifukia.

Somo la tatu basi ni hilo: namba peke yake haisemi kitu. Kompyuta lazima ijue hii 2 ni ya aina gani, ya kuhesabiwa au ya kusomwa tu kama neno. Na kila lugha ina tabia yake. Ipe JavaScript 2 iliyo neno na 2 iliyo hesabu, uiambie ijumlishe: itazigandisha ikupe 22 bila haya. Python itagoma, itakuambia vitu hivi si vya aina moja, amua kwanza. Vijana huilalamikia kwamba ni kaidi. Mimi naipenda kwa ukaidi huo. Laiti siku ile kungekuwa na mtu wa kunigomea, aniambie 2 hii ni ya nani, kaulize.

Nilimtafuta Wambui. Nairobi niliwauliza watu waliotoka upande wa mlima, nikapata akina Wambui kumi na zaidi, wote wema, hakuna mwenye mwanya ule. Nikaacha kuuliza, si kutafuta.

Siku hizi vijana wana mashine inayowaandikia programu, wao wanakunywa soda. Mjukuu wangu yuko ng'ambo, naye ni wa kazi hiyo hiyo. Anasema nyanya, simu sasa inabadilisha saa yenyewe, hakuna kukosana. Ni kweli, na enzi zetu tungekuwa na kitu kama hicho ningekuwa na rafiki. Lakini juzi ameniandikia, kwa haraka yao ile ya kumwita nyanya shosh: "Shosh, Jumamosi nitakupigia 2." Ningeweza kumuuliza ya wapi. Sikuuliza. Jumamosi saa mbili asubuhi nilikuwa nimevaa, nimeketi karibu na simu. Haikulia. Nikapika chai, nikafagia ua. Saa nane mchana nikaketi tena.