Nyavu za Mtu wa Ghubani

Ghuba la Murangi, Keraryo alilijua kama mtu anavyokijua chumba anacholala. Alizamisha mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, akanusa tope lililonata nchani, akajua kama hapo ni pa samaki aina ya ningu au pa furu. Jioni alitega nyavu, akarudi kwa mkewe Wegesa, akalala. Hakuna mvuvi wa pale aliyelala na nyavu zake. Kuzilinda ni kumwita jirani mwizi.

Kisha sangara wakaingia, wakawala furu wakawamaliza. Musoma mjini vikafunguliwa viwanda vya minofu, na wanunuzi waliopita Murangi wakawa wanauliza sangara tu, tena wakubwa. Wakubwa hawakuwa ghubani. Walikuwa nje, ziwa wazi, kwenye vina nyuma ya visiwa. Wegesa akauza mbuzi wake wote, zikanunuliwa nyavu za macho makubwa, na Keraryo akaondoka na shemeji yake, Matiko.

Kisiwani wavuvi wa kambi waliwapa ugali. Mmoja wao, Wenceslaus, akautazama ule mti wa Keraryo.

"Mzee, huu wa kuchungia ng'ombe?"

"Wa kupimia maji."

"Huku utapima mpaka uzeeke."

"Nimeshazeeka."

Wakacheka. Wenceslaus akasema, "Ukishatega usitoke. Funga kamba ya nyavu kwenye mtumbwi, mlale humo humo."

Keraryo akamega tonge jingine. Ugali wa watu hawa ulikuwa bado mkononi, leo alinde nyavu zake dhidi yao?

"Shemeji, mwenyeji amesema," Matiko akamwambia walipokuwa majini.

"Kwetu tulikuwaga tunatega tunaenda kulala. Nimlinde nani?"

Wakatega, wakazifunga mawe ya kuzizamisha, yale yale madogo ya ghubani, wakarudi kambini.

Alfajiri maji yalikuwa matupu. Hata boya moja hawakuliona. Walipiga makasia mpaka jua likawa utosini, ndipo Wenceslaus akawasogelea na mtumbwi wake. Safari hii hakutania.

"Sikuwa nasema wezi, mzee. Huku maji yanatembea. Nyavu usipozifuata, zinaenda nayo."

"Zimeenda wapi?"

Wenceslaus akanyoosha mkono. Mkono ukazunguka, usitue popote.

Siku ile ile tajiri wa kambi akamchukua Matiko afanye kazi kwenye mtumbwi wake. Akaitazama mikono ya Keraryo, kisha akatazama pengine.

Keraryo alirudi Murangi peke yake. Wegesa alikuwa ufukweni, anaosha vyombo.

"Matiko?"

"Yuko. Amepata kazi."

"Na nyavu?"

Alitaka kumweleza habari za maji ya kule. Lakini mbele yao ghuba lilikuwa limelala kimya, hata nyasi hazitikisiki.

"Hazipo."

Wegesa akaendelea kusugua sufuria moja, muda mrefu, ingawa ilikuwa imeshatakata.

"Kule Suguti wanapalilia pamba," akasema mwishowe. "Kesho twende tukaombe kibarua."

Keraryo akaitikia kwa kichwa. Hakuwa amewahi kupalilia pamba.