Boga la Mama Nkwabi

Juliana alikuwa fundi cherehani. Alishonea kwenye kibaraza cha nyumba yake Nyasubi, mjini Kahama, na nyuma ya nyumba hiyo palikuwa na kiwanja kidogo kati ya choo na ukuta wa jirani. Ukianika shuka mbili pamejaa. Hakuwahi kufikiria kulima chochote pale.

Mbegu za boga aliletewa na mwanawe wa kwanza, Nkwabi, aliyekuwa mchimbaji wa dhahabu Mwakitolyo. Alipokuja kusalimia mara ya mwisho alizitoa mfukoni, zimefungwa kwenye kipande cha nailoni. Alisema mama lishe mmoja kule machimboni alipasua boga ambalo wanaume wawili walilibeba kwa gunia, mmoja huku na mmoja huku, kama wanaobeba mgonjwa.

“Mayu, panda hizi,” alimwambia, kwa jina ambalo Wasukuma humwitia mama.

“Nizipande wapi? Kichwani?”

“Shimo moja linatosha. Boga halitaki shamba, linataka matunzo.”

Juliana akacheka, akazitupia kabatini nyuma ya vikombe.

Mvua zilipokaribia, duara alimokuwa Nkwabi likatitia. Duara ndilo shimo la wachimbaji, na lile lilikuwa refu. Wenzake walichimba kuwatafuta waliofukiwa mpaka udongo ukaanza kuporomoka juu ya waokoaji wenyewe, wakakatazwa kuendelea. Wawili walitolewa. Nkwabi hakutolewa. Rafiki yake Masudi ndiye aliyekuja Nyasubi na habari hizo, akiwa na godoro la marehemu begani, na alisimama mlangoni kwa muda mrefu asijue aliweke wapi.

Msiba ukakaa bila jeneza wala kaburi. Watu walikuja, wakaimba, wakala, wakaondoka, na hakuna aliyerudi toka makaburini kunawa udongo mikononi. Juliana hakulia. Alihudumia wageni, akaosha masufuria. Baada ya hapo majirani wakaacha kumwita Mama Nkwabi, wakaanza kumwita Mama Blessing, kwa jina la binti yake mdogo anayesoma bwenini. Walidhani wanamwonea huruma. Hata mumewe, Thobias, fundi baiskeli, aliacha kutamka jina la kijana wao. Wakawa wanazungumzia chumvi, mkaa, na bei ya tairi.

Siku moja Juliana alikuwa anapanga vikombe akaiona ile nailoni. Hakumwambia mtu. Akachukua jembe, akaenda nyuma ya nyumba, akaanza kuchimba.

Thobias aliporudi alimkuta amesimama ndani ya shimo, ardhi imemfika kiunoni, anachota udongo kwa beseni. Akadondosha pampu aliyoishika.

“Juliana, toka humo.”

“Bado kidogo. Linataka samadi nyingi chini.”

“Toka humo ndani. Tafadhali, toka.”

Sauti yake ilimtisha Juliana. Akampa mkono, Thobias akamvuta, na hata alipokuwa juu hakumwachia. Kesho yake Thobias mwenyewe alileta samadi ya ng'ombe kwa baiskeli, akalijaza lile shimo mpaka juu. Hakuuliza ni la nini.

Mbegu zikaota. Juliana akabakiza mche mmoja wenye nguvu, na mche ule ukatambaa kama uliokuwa unasubiri. Ulipofika ukutani aliugeuza, ukazunguka choo, ukarudi. Kila alipoona kifundo kwenye shina alikifukia kwa udongo ili kitoe mizizi. Asubuhi mapema, kabla maua hayajafumba, alichuma ua dume akaligusisha ndani ya ua jike. Vikatunga viboga vinne. Jirani yake Agatha, aliyekulia Ushirombo katika ukoo wa wakulima, akamwambia abakize kimoja tu.

“Na hivi vingine?”

“Vikate. Vitanyonyana.”

Juliana alikaa na kisu siku nzima, akashona kikiwa kando ya cherehani. Mwishowe Agatha ndiye aliyevikata.

Kile kilichobaki kikavimba mpaka watu wakaanza kupita kukitazama. Juliana alikitandikia mchanga na nyasi kavu chini, akakitundikia kanga juu kukikinga na jua. Boga likawa kubwa kuliko beseni la kufulia, kisha kuliko gurudumu la mkokoteni, likakaa pale rangi ya kutu, limeegemea choo. Mvua zilipokatika katikati ya msimu, Thobias alibeba maji. Alikaa hapo baada ya kumwagilia, akiliwekea kiganja kama anayepima homa.

Kisha mvua ikarudi kwa mkupuo, ikanyesha kutwa kucha. Asubuhi Juliana alilikuta boga limepasuka toka kikonyoni hadi chini. Lilikuwa limekunywa maji mengi kuliko ngozi yake ilivyoweza kunyumbuka. Nyama ya ndani ilikuwa nje, na siafu walishafika.

Akaketi kwenye tope. Akalia kwa sauti, kilio ambacho Nyasubi ilikisubiri tangu siku ya msiba. Agatha alitoka mbio, akamwona Thobias amekwisha fika, akarudi ndani.

“Mama Nkwabi,” Thobias alisema. Akaketi topeni naye. “Mama Nkwabi.”

“Nilitaka kitu alichonipa kifike mwisho wake.”

“Najua.”

“Na wewe humtaji.”

“Nikimtaja naona udongo unashuka.” Kisha akaanza kumtaja, Nkwabi mdogo, Nkwabi na homa, Nkwabi alipoiba baiskeli ya mteja akaanguka nayo mtaroni, mpaka mvua ikaanza tena.

Sehemu iliyokuwa nzima waliigawa mtaa mzima. Juliana alipika ya kwao kwa karanga. Thobias alionja kijiko kimoja akashindwa.

Kiangazi kilipoingia wakaenda Mwakitolyo. Masudi aliwapokea, akawapeleka palipotitia lile duara. Eneo lilikuwa limesawazishwa, na maduara mapya yalikuwa yamefunguliwa pembeni, mashine zinanguruma.

“Ni hapa,” Masudi alisema. Akatazama huku na huku, akasogea. “Au pale. Mama, nisikudanganye, pamebadilika sana.”

“Usijali, mwanangu,” Juliana alimwambia.

Thobias akavua kofia. Wakasimama katikati ya pale alipoonyesha kwanza na pale alipoonyesha baadaye, wakasali.