Sura ya Mwisho Imo Kwenye Droo

Karibu na kampasi ya chuo kikuu, mtaa wa Mutanga Sud, kuna mama anayeazimisha riwaya kwenye kibanda chake cha fotokopi. Watu walimchosha kwa kutorudisha vitabu, basi siku hizi huchana sura ya mwisho na kuifungia kwenye droo. Rudisha kitabu, upewe kurasa hizo uzisome papo hapo, umesimama.

Siku ya Jumanne, nikiwa pale kibandani, alikuja mtumishi mmoja wa serikali, mwanamke wa makamo, mikono mitupu.

"Mama, unipe ile mwisho. Ya ile riwaya ya mwanafunzi waliua pa kampasi zamani. Nijue ni nani aliua."

"Kitabu iko wapi?"

"Bwana yangu iko anasoma. Ananifichaka nayo!"

"Apana. Kitabu kwanza."

Mzee aliyekuwa akingoja fotokopi akakohoa. "Mi nilimaliza kuisoma. Aliyemuua ni..."

Yule mwanamke alijiziba masikio, akaanza kuimba wimbo wa kanisani kwa nguvu zote, hadi mzee akainua mikono kusalimu amri. Tulicheka sote. Naye aliondoka akicheka, akisema kesho ataleta kitabu pamoja na mume.

Nikamwinamia mwenye kibanda. "Niambie mimi basi, polepole. Ni nani?"

Akaigusa droo. "Mi sijui. Sijasoma ata siku moja. Nikijua, watu watasoma ku uso yangu."

Hapa mjini siri yako hufika Mutakura, mtaa wa mbali kule, kabla hujavaa viatu. Mtunza siri wa kweli nimempata mmoja tu, na yeye mwenyewe haijui.