Maziwa ya Paketi Ndani ya Kibuyu

Nakumbuka siku moja, mwanangu, wageni wamejaa sebuleni kwetu Kiplombe, wamekuja kuniposa, nami niko jikoni nakwangua makaa kwa kisu na kuyachanganya na maziwa lala, yale ya mgando, ya paketi. Nilikuwa karani wa ofisi mjini Eldoret, na nilijiona mjanja.

Nikueleze. Nilipohamia chumba cha kupanga mtaa wa Huruma, mama alinipa kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandishwa kwa makaa. Kila Jumamosi asubuhi nilikiosha, nikachoma kijiti, nikasugua ndani kwa makaa ya kijiti hicho, kisha nikatia maziwa yaliyochemshwa yakapoa. Kazi hiyo haiharakishwi. Sikujua kwamba ndiyo saa pekee niliyokaa na nafsi yangu.

Kisha nikapandishwa cheo. Nikajifunza kucheka bosi anapocheka na kupenda walichopenda wenzangu. Kibuyu nikakisahau chini ya kitanda. Mwanamume mmoja wa pale ofisini, mpole, mwenye gari, aliponiambia anataka kunioa, kila mtu alisema nina bahati, nami nikakubali kwa kuwa wote walikuwa wameshakubali.

Mama aliniagiza nije na maziwa ya kibuyu changu, wageni waonje mkono wa bibi harusi. Nilikikuta kimeota ukungu. Nikakisuuza, nikatia ya paketi, nikaongeza makaa ya jiko yapate rangi. Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilitoka jikoni ikaishia mlango wa sebule.

Hapo alikuwa Shangazi Tabitha, dada mkubwa wa baba, naye ndiye aliyeonja kwanza. Alitafuna. Maziwa hayatafunwi, mwanangu. Akafunika kibuyu, akawaambia wageni maziwa hayajaiva, akaagiza chai. Kisha akanipeleka nyuma ya jikoni. Nilingoja matusi, lakini maziwa hakuyataja.

"Jerono, huyu kijana unamtaka?"

Nikamjibu kwamba ni mtu mzuri, ana kazi, na kwao wanaheshimika.

"Hiyo ni maneno ya watu. Mimi nimeuliza wewe."

Nikaanza kumtajia gari lake, nikasikia ni yale yale ya watu. Niliogopa sana.

Shangazi alimwomba baba awaambie wageni wasubiri mwezi mmoja. Mimi akaniamuru nisugue kile kibuyu kila asubuhi kabla ya kazi, peke yangu, mdomo umefungwa, mpaka harufu ya ukungu iishe. Wiki ya kwanza niliwaza mambo ya ofisi tu. Wiki ya tatu, mikono ikiwa myeusi, nikatambua kwamba sijawahi kufurahi kumwona yule mtu akija. Nilifurahia kuonekana naye. Nililia kidogo, nikaendelea kusugua.

Nilimwambia hapana. Baba hakunisemesha mpaka tulipovuna mahindi. Yule bwana alioa mwingine na wakaishi vizuri. Hakuwa na kosa lolote. Mimi nilikaa miaka minne ndipo nikaolewa, na ilikuwa miaka ya upweke, sitakudanganya.

Husemwa mwacha asili ni mtumwa, na watu hudhani asili ni mavazi na vyakula vya kwao. Mimi nadhani mtu anaweza kunywa mursik kila siku na bado awe amejiacha. Kibuyu si dawa. Pengine hata huna. Basi fagia uwanja, piga pasi, au tembea kwa miguu mpaka Yamumbi, simu ukiiacha nyumbani. Chagua kazi moja ndogo isiyokubali haraka, uifanye peke yako, na usiiache hata mambo yakikunyookea, maana mimi niliiacha yaliponinyookea. Mikono ikifanya kazi, jiulize unataka nini. Jibu huchelewa. Likija, usilipambe, na usimpe mtu ndiyo yako kabla hujaisikia mwenyewe.

Mungu akulinde, mwanangu, akupe asubuhi tulivu na moyo wa kuzivumilia. Na siku utakapoulizwa unachotaka, akujalie atakayejibu awe wewe.