Kikwembe cha Kandida Juu ya Kikwembe cha Kandida

Chekeni tu, mimi mwenyewe nilishacheka, ila siku ile nilitamani udongo wa kijiji chetu cha Buleusa unimeze mzimamzima, mimi Mama Furaha, prezida wa wamama wa kanisa, muntu wa heshima (ao ndivyo nilivyodhani).

Kandida wa kwanza wa udepite, mwenye kutafuta kiti cha ubunge, alinipa kikwembe, kitenge chenye sura yake, nikamwambia, "Papa, sauti yangu iko yako." Juma lililofuata wa pili akaleta kikwembe chake, tena akaniahidi mabati ya jiko langu, jiko ambalo mvua ikinyesha napika nimelowa, basi na yeye nikamwambia vilevile, nikaona ni akili.

Siku kandida wa pili anakuja, mimi ndiye wa kuwaongoza wamama kumpokea. Sasa mama mwenye heshima hatoki na kikwembe kimoja, anafunga viwili, na vingine vyangu vyote vilikuwa vimelowa kambani, kwa hiyo nikafunga cha wa kwanza ndani na cha mgeni juu, nikajisemea nani atakiona.

Pikipiki ikasimama kwenye matope, vigelegele vikapigwa, wamama wakaanza kufungua vikwembe vya juu na kuvitandika chini mgeni akanyage, kama tunavyofanya siku zote, na mimi kwa furaha (na kwa kuwaza mabati) nikafungua changu, nikakitandika mbele kabisa.

Akainua mguu akanyage, akaona ni uso wake mwenyewe uko kwenye matope, mguu ukabaki hewani. Akainua macho, akakuta mpinzani wake anamchekea mapajani mwangu.

"Mama," akasema polepole, "na huyu njo nani?"

"Papa, huyu iko wa ndani tu."

Watu walicheka mpaka katekista akakaa chini. Mabati yakaenda kwa jirani yangu Mama Riziki, na kandida wa kwanza aliposikia akatuma mtu kuchukua kikwembe chake. Wanasema mshika mbili moja humponyoka, mimi zilinitoka zote mbili.

Niliona haya wiki nzima, sifichi. Lakini mume wangu, akinung'unika, aliliezeka jiko kwa majani mapya, na siku ya kura niliingia bila ahadi ya mtu shingoni, nikamchagua niliyemwona anafaa, nikatoka moyo mweupe. Sura ya kandida haikai tena kiunoni mwangu, hata alete kitambaa kizuri namna gani. Na nilimpigia nani? Hilo hata mume wangu hajui.