Kamau Njoroge Wawili

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika getini saa moja kasorobo, nimevaa sketi ya dada yangu kwa sababu yangu haikuwa imekauka. Kilikuwa kiwanda cha mablanketi mjini Thika, mali ya familia ya Masingasinga waliokuwa hapo tangu enzi za babu zao. Karani Mkuu, mama mmoja aliyefunga miwani kwa kamba shingoni, alinipa taipureta, karatasi na kisanduku cha mbao kilichojaa kadi. Aliniambia kwamba taipureta ikiharibika fundi ataitwa, lakini kadi zikichanganyika nitazipanga mwenyewe hata ikinichukua wiki nzima.

Kadi hizo ndizo zilizokuwa kitabu chetu cha anwani. Kila mfanyakazi alikuwa na yake: jina, idara, sanduku la posta, na mtu wa kuitwa akipatwa na jambo. Huyo tulimwita jamaa wa karibu. Karani Mkuu alikuwa na mtindo wake. Wafanyakazi wawili wakifanana majina, aliandika kwa wino mwekundu jina la mama ya kila mmoja. Mimi niliona ni kazi ya bure.

Baada ya miaka sita nilihamishiwa stoo ya Ruiru, mahali mablanketi yalipowekwa kabla ya kupakiwa kwenye malori. Mkuu wa Stoo hakupenda karatasi. Alikuwa akinituma kwa mdomo kutoka mlango mmoja hadi mwingine, na huko ndiko nilikojua wafanyakazi kwa sura. Mmoja wao aliitwa Kamau Njoroge, mpakiaji mizigo, mtu wa Mwihoko, mkimya, mwenye kutembea akiwa ameinamisha bega moja. Kisha nikarudishwa Thika kuwa katibu wa Meneja wa Wafanyakazi, na hapo ndipo nilipozeekea.

Kompyuta ziliingia nikiwa tayari mtu mzima. Nilipelekwa kwenye chuo kimoja pale mjini kwa majuma mawili, nikarudi nikiwa najua kuandika barua pepe na kutumia programu ndogo ya kutunzia anwani. Vijana wa leo mtacheka, maana simu zenu zinafanya hayo bila kuombwa. Unafungua ukurasa wa mtu mmoja, ambao bado tuliuita kadi, unajaza visanduku: jina, simu, barua pepe, namba ya kazi, maelezo. Ukitaka kuwaandikia watu wengi kwa mara moja, unawaweka katika kundi, kwa mfano Wakuu wa Idara, na jina la kundi linatosha. Na ukianza kuandika jina la mtu pale juu ya barua, programu inakumalizia. Unaandika herufi tatu, yenyewe inaleta jina zima na anwani yake. Mara ya kwanza kuona hivyo nilimwita Karani Mkuu, ambaye alikuwa karibu kustaafu, aje ashuhudie. Aliangalia, akauliza inajuaje ni nani ninayemtaka. Nikamwambia inajua tu.

Nilihamisha kadi zote za kisanduku, nikaziingiza kwenye mashine. Ilinichukua miezi. Kwa wafanyakazi wengi, anwani ya barua pepe ilikuwa ya mtoto wao aliyesoma, kwa hiyo niliandika “Familia ya fulani” chini ya herufi ya jina la mfanyakazi mwenyewe, kisha anwani ya huyo mtoto.

Siku ninayotaka kuisimulia ilikuwa Jumanne. Saa nne asubuhi mtu alianguka katika idara ya rangi. Alikuwa Kamau Njoroge mwingine, mzee wa Kimbo, aliyekuwa na sisi kwa muda mrefu kuliko mimi. Hakuna mashine iliyomgusa. Alisimama, akashika ukuta, akaketi chini, na walipomfikisha hospitalini daktari alisema amekwisha. Moyo. Msimamizi wake alikuja ofisini na kofia ya marehemu mkononi, hajui aiweke wapi.

Meneja wa Wafanyakazi alikuwa mtu wa taratibu. Alisema familia ijulishwe mara moja kabla habari hazijafika kwa njia nyingine. Nilipiga simu ya nyumbani kwa marehemu mara nne, haikupatikana. Akasema tuandike barua pepe kwa mtoto wake. Nilimwambia, “Bwana Meneja, habari kama hii haiandikwi.”

“Madam Wairimu, andika,” alisema. “Wasikie kutoka kwetu, si kwa watu wa barabarani.”

Alitamka maneno, mimi nikaandika. Yalikuwa maneno mazuri, ya heshima. Tunasikitika kukujulisha kwamba mzee wako, Kamau Njoroge, ameaga dunia asubuhi ya leo akiwa kazini. Nikaenda pale juu, nikaandika herufi za kwanza za Kamau. Programu ikanimalizia: Familia ya Kamau Njoroge. Nikatuma.

Saa nane jibu likaja. Nilidhani ni mtoto wa marehemu, kijana anayeitwa Karanja. Jibu lilikuwa fupi: “Nimepata ujumbe wenu nikiwa darasani. Mama ameshaanza kuita watu. Tafadhali tuambieni baba amepelekwa hospitali gani. Ni mimi Shiko.”

Sikumjua Shiko yeyote. Nilisoma tena. Nilifungua programu, nikaenda kwa herufi ya K, na hapo nikaziona zote mbili, moja juu ya nyingine: Familia ya Kamau Njoroge, Familia ya Kamau Njoroge. Ya juu ilikuwa ya yule wa stoo, ambaye binti yake alikuwa akisoma chuoni na kukaa Kahawa Wendani. Nilifungua kadi zote mbili. Kisanduku cha namba ya kazi kilikuwa tupu huku na huku; kingejazwa, namba ingetokea kando ya jina. Nakumbuka kwa nini. Niliingiza herufi ya K siku ya Ijumaa jioni, nikaruka namba ili niwahi kwenda nyumbani, nikasema nitarudia.

Nilipiga simu stoo Ruiru, nikamwomba Mkuu wa Stoo aniitie Kamau. Huko wafanyakazi waliacha simu zao getini, ndiyo maana mkewe alikuwa hajampata. Nilisikia hatua zake zikija polepole, kisha sauti yake ikasema hallo. Akauliza kama kuna shida. Nilimwambia asitoke, ninakuja.

Meneja aliposikia alikaa chini. Kisha akasema tutume barua nyingine ya kurekebisha. Katika miaka yote ile sikuwa nimewahi kumkatalia mkubwa. Nilimwambia sitaandika, nitaenda mwenyewe, na kama ni kufutwa nifutwe nikirudi. Alitoa ufunguo wa pikapu ya kampuni, akampa dereva.

Tulimchukua Kamau Ruiru. Nilimweleza tukiwa njiani, hadi tukakata kona ya Mwihoko. Hapo ndipo alipouliza kitu kimoja: kama ni Shiko aliyeisoma ile barua. Nikasema ndiyo. Akageuza uso dirishani.

Ploti yao ilikuwa imejaa. Wanawake walikuwa wameketi kwenye ndoo zilizogeuzwa, na mtu alikuwa ameshapanga viti vya kanisa kando ya tangi la maji. Suti ya Kamau ilikuwa imening'inizwa mlangoni, imepigwa pasi. Yeye mwenyewe aliiona kabla ya kumwona mtu yeyote, akasimama. Wale wanawake walipomtambua hakuna aliyepiga kelele. Mmoja alisimama akaondoka kabisa, akatoka nje ya geti.

Mkewe, Mama Shiko, alikuja hadi mbele yake. Alimshika mkono, akaugeuza, akatazama kiganja kama anatafuta kitu alichokijua. Kisha akaketi kwenye saruji. Shiko, aliyekuwa amekimbilia nyumbani kutoka chuoni, alitoka ndani, akamwona baba yake, akarudi ndani, na tukamsikia akitapika.

Nilisema ni mimi. Nilisema nilituma barua kwa anwani isiyo yake. Nilingoja wanitukane, na ningefurahi kama wangenitukana. Mama Shiko aliniangalia.

“Kwa hivyo kuna mtu amekufa,” alisema.

“Ndiyo. Wa idara ya rangi. Majina ni sawa.”

“Na bibi yake anajua?”

Nilimwambia bado. Simu haishiki. Nilikuwa natoka hapo kwenda Kimbo.

Aliinuka, akajifunga leso upya, akamwambia bwana yake abaki na mtoto. “Twende,” aliniambia. “Huwezi kwenda peke yako na hiyo barua yako.”

Hadi leo sijaelewa alizipata wapi hizo nguvu. Tulimkuta Mama Karanja, mke wa marehemu, akichambua maharagwe kwenye ungo mlangoni pake. Simu yake ilikuwa imekufa betri, stima zilikuwa zimepotea tangu asubuhi. Alinijua mimi kutoka kiwandani, akanikaribisha, akaanza kutafuta stuli. Mama Shiko ndiye aliyechuchumaa mbele yake na kushika ule ungo ili usianguke.

“Mama Karanja, mimi ni bibi ya Kamau Njoroge wa stoo,” alisema. “Leo mchana nimeambiwa bwana yangu amekufa. Nimelia mpaka saa tisa. Kumbe si wangu.”

Mama Karanja alimtazama yule mwanamke asiyemjua, macho yamevimba, kisha akanitazama mimi, na nikaona jambo linavyomfikia. Hakuna aliyehitaji kuongeza. Mama Shiko alilala naye hapo siku nne, hadi mazishi yakapita.

Kesho yake Mkurugenzi alikuja ofisini kwetu mwenyewe. Alikuwa mzee wa ile familia yenye kiwanda, mwenye kilemba cha buluu, na hakuwa na desturi ya kuja kwa makarani. Aliomba nimwonyeshe jambo lilivyotokea. Niliandika herufi tatu, programu ikamalizia jina, kisha nikazifungua kadi zote mbili. Kisha akasema, “Kutoka leo, habari ya kifo inaenda kwa miguu.”

Aliuliza kama mashine haina njia ya kuwatofautisha wawili hao. Visanduku vitupu vilikuwa hapo mbele yake, lakini hakujua kuvisoma. Nikasema programu haitofautishi. Meneja alikuwa amesimama mlangoni. Hakusema kitu. Mwisho wa mwezi aliondolewa wadhifa wake, kwa sababu yeye ndiye aliyeamuru barua iandikwe, na akastaafu kabla ya wakati wake. Mimi nilibaki. Nilirudia kadi zote, moja moja, nikajaza namba ya kazi na mahali mtu anakotoka, na jina la mama pale majina yalipofanana. Nilisifiwa kwa kazi hiyo. Nilipostaafu ilitajwa kwenye hotuba.

Mnaoanza kazi za ofisi leo, mnaletewa vitu vinavyomalizia maneno yenu kabla hamjayafikiria. Vitumieni, mimi si mtu wa kukataa mashine. Lakini someni anwani yote kwa sauti kabla ya kutuma, na kisanduku mlichokiacha wazi mkijaze siku hiyo hiyo.

Mwaka uliopita nilijua kwamba yule Meneja anaishi Ruiru, anafuga kuku. Nilikwenda kumwona. Amepungua sana. Tulizungumza habari za watoto, na chai ilipoletwa nikamwambia lile nililolificha kwa Mkurugenzi: kwamba kisanduku cha namba kilikuwepo, na mimi ndiye niliyekiacha tupu.

“Najua,” alisema. “Ulipoenda Mwihoko nilikaa kwa kiti chako. Nikazifungua kadi zote mbili.”

Nilimuuliza kwa nini alisimama pale mlangoni akanyamaza.

“Wewe uliniambia habari kama hii haiandikwi,” alisema. “Mimi nikasema andika.”

Kisha akanisukumia sukari.