Shimesikio Juu ya Bati

Mama alikuwa akiitikia "marahaba" mtu akifungua mdomo tu, hata kama anaomba maji. Tulicheka mpaka baba alipougua koo, sauti yake ikabaki mnong'ono. Mama ndiye aliyemuuguza, na hakumsikia.

Nilimleta Tabora mjini akapata shimesikio mbili, vile vifaa vidogo vya kusaidia kusikia, vya kukaa nyuma ya sikio. Betri zake ni za kuchaji, zimefungiwa humohumo ndani. Fundi alieleza mambo matatu: zichajiwe kila siku kwenye kikasha chake, zisilowe, zisikae kwenye joto. Mimi niliandika. Mama alikuwa akisikiliza njiwa dirishani.

Kwetu Lusu umeme haujafika upande wetu. Nilimwachia pawabenki, nikamwonyesha waya mara moja, nikawahi basi. Baada ya siku chache alinipigia.

"Kumbe baba yako kila siku analalamikia chumvi," alisema. "Mimi nilidhani ananishukuru."

Kisha pawabenki ikaisha chaji. Nyumbani wana taa ndogo ya sola, huanikwa juu ya bati asubuhi, jioni inawaka. Mama akaanika kikasha kando yake, shimesikio zikiwa ndani, siku tatu mfululizo.

Nilipofika, kikasha kilikuwa kimepinda. Betri ya shimesikio moja ilikuwa imevimba hadi ganda likapasuka. Ya pili haikuwaka. Nilimpigia fundi. Alisema nisizichaji tena wala kuzichokonoa, zinaweza kushika moto. Niziweke nje, kwenye kopo lenye mchanga.

"Mama, ulizianika juani?" nilimuuliza, mdomo sikioni mwake.

"Si ndiko taa inakoshibia?"

Karatasi ya yale mambo matatu ilikuwa bado mkobani mwangu.

Nilirudi mjini kufuatilia nyingine. Fundi alisema tusubiri wiki kadhaa. Baba hakusubiri. Alifariki asubuhi moja, mama peke yake akiwa amemshika mkono.

Siku ya tatu ya msiba, wageni wakipungua, mama alinivuta nikae naye mkekani.

"Baba yako aliongea kirefu asubuhi ile," alisema. "Nilimwangalia midomo. Kila alipotua nikamwitikia ndiyo, asije akadhani nimemchoka."

Akakunja ncha ya khanga.

"Sasa mwanangu, sijui nimekubali nini."